Mkia wa Kondoo wa Shangazi Apolinaria

Shangazi yangu Apolinaria ni mwembamba kama mwiko, na maisha yake yote ameyaendesha kwa mafuta. Nasema mafuta ya mkia wa kondoo, hawa kondoo wetu wa Unyamwezi wanaobeba nyuma mkia mpana kama mto wa kulalia. Anaukatakata vipande, anaviyeyusha kwenye chungu juu ya moto mdogo, anachuja kwa kitambaa, anajaza chupa. Mabaki yanayokauka chunguni tunakula na ugali. Ukipita mlangoni kwake saa hiyo, hata kama umeshiba, utakumbuka kwamba una habari muhimu ya kumpa, ili mradi uingie.

Amezaliwa kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa kwenda Isikizya. Baba yake, ambaye ndiye babu yangu, alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, akarudi na nguo, chumvi na maringo. Reli ilipofika Tabora mabega yake yakakosa kazi, akageukia kondoo. Wanasema aliwaamsha kwa sauti ile ile ya msafara, "Haya, mizigo juu!", na kondoo wakanyanyuka mikia yao ikining'inia, naye akaridhika kabisa.

Shangazi aliolewa na fundi wa reli, marehemu Marko, aliyekufa kwa homa huko Kigoma kabla ya vita ya Hitla. Hawakujaliwa mtoto. Mimi nilipofiwa na mama alinichukua mimi, akanipeleka shule ya masista, na kila darasa nililosoma, mpaka la nne, lilitoka kwenye chungu kile. Wenzangu waliniambia nanuka kondoo. Nilikuwa nanuka kweli.

Lakini pale Kanyenye, anakouzia, anajulikana zaidi kwa neno lake. Akikwambia mafuta haya hayakuchanganywa, hayakuchanganywa. Akikwambia njoo Jumatano, hata mvua ya mawe ikinyesha utamkuta Jumatano. Na neno hilo hilo ndilo lililomtia matatani mwaka ule, mimi nikiwa na Josepha wangu wa kwanza mgongoni, hajaota hata jino.

Ilianza Pasaka, baada ya misa. Wanawake tulikuwa uwanjani tunasalimiana, na Tekla, jirani yetu wa Cheyo, mwanamke asiyeweza kuona mjane bila kumwoza, akasema, "Apolinaria, bwana Lugembe anakuulizia. Ng'ombe anao, nyumba ya bati anayo, sauti anayo."

Sauti kweli alikuwa nayo. Lugembe akizungumza Cheyo, Kanyenye wanaitikia. Na siku ile alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, anajifanya kuangalia mnara wa kanisa.

Shangazi hakutaka kuolewa na Lugembe, wala hakutaka kumwaibisha. Akatafuta maneno ya kumkwepa kwa upole, akapata mabaya kuliko yote. Akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mimi mume wangu ni yule atakayeleta kondoo mwenye mkia mzito kuliko wa Tajiri. Upimwe kwa mizani, mbele ya watu. Akinishinda, hata kesho atangaze ndoa."

Tajiri ni kondoo wake jike. Hakuna aliyewahi kuona mkia kama ule. Akitembea, mkia unachelewa kidogo, halafu unafuata.

Watu walicheka, lakini Lugembe hakucheka. Wiki ile ile alileta kondoo dukani kwa Mzee Soud, pale Kanyenye, maana mizani ya Mzee Soud inaaminiwa na Waarabu, Wanyamwezi na hata watu wa boma. Ni mizani ya sahani mbili, imening'inizwa kwenye boriti ya baraza. Kondoo walisimamishwa wamepeana migongo, mkia huu sahani hii, mkia ule sahani ile. Upande wa Tajiri ulishuka kama ndoo kisimani. Lugembe akarudi Cheyo na kondoo wake, na wanawake walisimama milangoni kumtazama akipita. Baada yake wakaja wengine wawili, nao wakashindwa vile vile. Shangazi akawa anatembea amenyoosha shingo.

Halafu akaja Kasimiri.

Kasimiri ni mrina asali. Anakaa wiki nyingi porini na mizinga yake, kisha anakuja mjini kuuza nta. Mkewe alifariki zamani. Ana pengo mbele, na ana tabia ya kuanza kucheka kabla hajamaliza kisa chake, kwa hiyo mpaka leo visa vyake vingi hatujui vinaishia wapi. Alikuja kununua mafuta ya kupaka mikono, kwa sababu moshi na nyuki vilikuwa vimeichakaza. Akaja tena. Akaja tena. Mimi nilitazama chupa zinavyotoka nikajiambia, mikono ya mtu mmoja haiwezi kula mafuta yote haya.

Na Shangazi naye akabadilika. Alianza kutia chumvi mara mbili kwenye mboga. Kitambaa cha kichwani alikifunga, akakifungua, akakifunga upande mwingine. Siku moja nikamkuta anachuja mafuta kwenye chupa iliyokwisha kujaa, yanamwagika, naye anatabasamu tu.

"Shangazi," nikasema, "si umwambie Kasimiri kwamba unamtaka?"

Hakuniuliza nimejuaje. Akaketi. "Na Lugembe je, Marcelina? Nilimrudisha mtu mzima na kondoo wake, mji mzima unamcheka. Leo nimpokee mwingine bila mizani? Atasema mizani ilikuwa ya kumfukuzia yeye peke yake, na atakuwa amesema kweli. Na mimi hayo mafuta nayauza kwa nini? Kwa neno langu."

"Sasa?"

"Sasa Kasimiri alete mkia mzito, basi. Ni hivyo tu." Na macho yake, jamani, yalikuwa ya msichana.

Bahati ikaonekana iko upande wake. Kasimiri aliposikia sharti alifurahi, akanunua kondoo dume huko Isikizya, akampa jina la Pagazi. Nilipouona mkia wa Pagazi nilisahau kumpa Josepha titi. Ulikuwa mpana, umekaza, unatikisika. Shangazi aliuangalia akakohoa, akasema kwa ukali, "Si mbaya," kisha akaingia ndani, na nilimsikia akiimba. Siku ya kupima ikapangwa, sikukuu ya Petro na Paulo, baada ya mavuno.

Lakini wiki zilivyokwenda, mkia wa Pagazi ukaanza kunywea. Asubuhi moja tulikuwa tunatoka shamba kwa njia ile ya zamani ya misafara, tukasikia kengele. Kumbe ni Kasimiri na Pagazi, wanakuja kwa mwendo wa haraka, na mgongoni mwa kondoo vibuyu viwili vya asali, vimefungwa huku na huku kwa kamba. Mkia wa Pagazi ulikuwa umelegea kama mfuko uliotolewa unga.

"Kasimiri!" Shangazi akashika kichwa. "Unamfanya nini mnyama wa watu?"

"Mwangaluka, Apolinaria! Namkomaza."

"Unamkomaza?"

"Wewe si mtoto wa mpagazi kama mimi? Mzee wangu alisema kijana wa Kinyamwezi asiyebeba mzigo akafika pwani bado ni mtoto wa maziwa, hata akiwa na mvi. Nikafikiri, kwa nini kondoo awe tofauti? Mafuta ya kondoo wa kukaa ni maji matupu. Akitembea na mzigo yanashikana, yanakuwa mazito." Akacheka. "Kwa sasa yanaonekana yamepungua. Yanajipanga."

"Yanajipanga!"

"Ndiyo. Kesho tunakwenda mbali zaidi."

Shangazi akamsogelea Pagazi, akaugusa ule mkia. Akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake, "Kasimiri, huyu kondoo apumzike. Mpe pumba. Mfunge kivulini."

Kasimiri akamtazama, kisha akaachia kicheko mpaka pengo lote likaonekana. "Aa, Apolinaria! Umeniogopa! Unataka nimlaze ili unishinde. Pagazi, twende, baba, huyu mama ameanza kutetemeka." Wakaondoka, kengele inalia, vibuyu vinagongana, na shangazi yangu amesimama katikati ya njia, midomo wazi.

"Sasa nikimwambia ukweli," akasema tukiwa njiani, "nitakuwa nimemshika mkono mshindani wangu. Lugembe atasema tumepanga."

"Na usipomwambia, kondoo atabaki ngozi na kengele."

Ghafla akasimama. "Marcelina, yule Bernardo wa bwana mifugo, yule kijana wa kwao Marcelo fundi viatu. Si anajua mambo ya ndani ya wanyama?"

Bernardo ni msaidizi katika ofisi ya mifugo, ametoka kusoma karibuni, na amepewa darubini ya kuangalia vitu vidogo. Anaipenda kama mtu anavyompenda mke mpya. Tulipofika hatukumaliza hata shikamoo na marahaba, akaanza kuifuta kwa kitambaa.

"Nataka kujua," Shangazi akasema, "mafuta ya mkia yanaingiaje, na yanatokaje."

Bernardo alifurahi hata akapiga makofi. Alikuwa na kipande cha mkia kutoka machinjioni. Akakata kipande chembamba kama ganda la kitunguu, akakitia dawa ya rangi, akakiweka chini ya kioo. Tukaangalia kwa zamu. Mimi kwanza nilifunga jicho lile lile lililokuwa kwenye kioo, nikaona giza. Nikalifungua, nikaona duara, duara kando ya duara, zimebanana kama matundu ya sega la asali.

"Hivyo ni vijumba," akasema. "Mwili wote umejengwa kwa vijumba kama matofali, ila hivi vya mafuta ni ghala. Unaona kitone cheusi kimebanwa pembeni?"

"Nakiona."

"Huyo ndiye mwenye nyumba. Mizigo imemsukuma ukutani."

Shangazi akasogea kuangalia. "Maskini," akasema, "hata pa kugeukia hana."

Bernardo akaeleza kwamba kondoo hahitaji kula mafuta ili apate mafuta. Akila majani mengi na pumba, zaidi ya anavyohitaji siku ile, mwili unageuza ile ziada kuwa mafuta, unayaingiza katika vijumba, navyo vinavimba kimoja kimoja kama puto. Ndiyo maana masika mkia unajaa. Kiangazi majani yakikauka, ghala linafunguliwa.

"Linafunguliwa na nani?" nikauliza.

"Mwili wenyewe. Habari zinapita ndani ya damu kwamba kuna upungufu. Basi mafuta yanakatwa vipande vidogo, yanatoka kwenye vijumba, damu inayachukua inayapeleka kunakotakiwa. Miguuni, moyoni, kwenye ini. Huko yanachomwa taratibu, moto usio na ndimi, ndio unaompa mnyama joto na nguvu. Vijumba vyenyewe havifi, vinasinyaa tu vikisubiri mvua."

"Na yakishachomwa, majivu yake?" Shangazi akauliza. Huyo ni mpishi, lazima aulize majivu.

"Hayana majivu, Mama. Yanageuka maji kidogo na hewa. Sehemu kubwa inatoka kwa pumzi."

"Unasema," Shangazi akasema polepole, "mkia unatoka puani."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

Hapo mimi nilishindwa. Nilicheka mpaka Josepha akaamka mgongoni akaanza kulia, ikabidi nimpakate nimnyonyeshe pale pale. Bernardo akageukia ukuta kwa heshima, akaendelea kuuhutubia ukuta.

"Kwa hiyo, Mama, kama unataka mkia wa Tajiri ubaki mkubwa, nakushauri mambo matatu. Usimtembeze mbali. Usimlaze kwenye baridi. Na zaidi ya yote, usimwache anyonyeshe. Maziwa yanakula mkia kuliko kitu chochote. Mafuta yanatoka kwenye ghala, yanapita kwenye damu, yanaingia kiweleni, yanaungwa tena kuwa mafuta ya maziwa. Mwana-kondoo anaunyonya mkia wa mama yake."

Nikamtazama Josepha. Nilipokuwa na mimba yake nilinenepa mapaja mpaka mume wangu akawa ananipisha mlangoni. Tangu azaliwe nakula kama mchimba kisima na bado gauni linaning'inia. Nikamshika shavu, lile shavu la duara linalong'aa, nikaelewa kwamba mapaja yangu hayakupotea. Yamehama tu. Yako pale, yananitazama, yanacheua. Nilitaka kumkumbatia Bernardo, ila alikuwa bado anazungumza na ukuta.

"Asante, mwanangu," Shangazi akasema. "Nirudie tena. Nisimtembeze, nisimlaze kwenye baridi, nisimwache anyonyeshe."

"Barabara."

Tulipotoka nje alinishika mkono akauminya, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Umesikia aliyoyakataza?"

"Nimesikia."

"Basi yote matatu, kuanzia leo."

"Shangazi! Na ile haki ya Lugembe?"

"Kondoo wa Kasimiri ni wa Kasimiri, sitamgusa. Tajiri ni wangu. Nikimkondesha wangu, nimemwibia nani?"

Mwana wa Tajiri alikuwa bado mchanga, ametengwa ili mama asipoteze mafuta. Siku ile ile akarudishiwa mama yake. Halafu Shangazi akaenda kwa majirani akaazima wana-kondoo wawili waliofiwa na mama yao, akawapaka maziwa ya Tajiri mgongoni ili awanuse adhani ni wake. Tajiri aliwanusa, akafikiri, akawapiga kikumbo. Shangazi akawapaka tena. Baadaye Tajiri akakubali, nadhani kwa uchovu, na asubuhi ungeviona vile vichwa vitatu vimeng'ang'ania chini yake, mikia midogo inachezacheza, na yeye katikati amesimama kama mwenye hoteli siku ya gulio.

Usiku alilala nje ya banda. Na mapema kabla ya umande kukauka tulimtembeza kwenye njia ya misafara, mimi na mtoto mgongoni, wana-kondoo watatu nyuma. Kila mara Shangazi anasimama, anaweka kiganja mbele ya pua ya Tajiri. "Unatoka," ananiambia. "Nausikia. Mkia unatoka."

Siku moja tukasikia kengele mbele yetu. Tulimsukuma Tajiri kichakani, tukajilaza wote, Shangazi amembana kondoo kwa miguu kama mtu anayepanda punda. Kasimiri akapita na Pagazi. Sasa Pagazi alikuwa na vibuyu vitatu. Tajiri akalia. Pagazi akaitikia. Kasimiri akasimama akatazama huku na huku, akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa moyo, "Umesikia, Pagazi? Hata pori linakusifu." Wakaendelea. Shangazi aliuma ncha ya kanga yake asitoe sauti, na machozi ya kicheko yalimtoka mpaka shingoni.

Lakini alipouona vizuri mkia wa Pagazi ukitokomea, kicheko kikakatika. "Marcelina," akasema, "anakonda kuliko wangu. Yule mwanamume atanishinda kwa kushindwa."

Sikukuu ya Petro na Paulo ikafika. Baraza la Mzee Soud lilijaa mpaka barabarani. Mzee Soud alivaa kanzu mpya, na mkewe, Bi Salme, aliweka kiti chake mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, ili asikose kitu. Lugembe alisimama mbele ya wote, mikono kifuani. "Mimi nimekuja kuangalia haki," akasema, na mapazia ya nyumba ya tatu yakatikisika.

Wakaletwa kondoo. Minong'ono ikaanza. "Huyu ndiye Tajiri?" Tekla akauliza. "Tajiri gani huyu, amefilisika?"

"Na huyo mwenzake? Mkia au kitambaa cha kufutia lampu?"

Kasimiri alisimama wima. "Yamejipanga," akawaambia watu. "Msitazame ukubwa. Yamejipanga."

Wakawasimamisha kondoo, wakapeana migongo. Mzee Soud akasema bismillahi, akauweka mkia wa Pagazi sahani ya kulia, wa Tajiri sahani ya kushoto, akaachia. Mizani ikayumba. Ikapanda huku, ikashuka huku. Shangazi alikuwa ameshika msalaba wa shingoni. Mizani ikatulia polepole, na upande wa Tajiri, jamani, ukashuka. Si sana. Kama upana wa vidole viwili. Lakini ulishuka.

Nilimtazama Kasimiri. Mara ya kwanza tangu nimfahamu, mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Shangazi akainama. "Ngoja," akasema, "kondoo wangu anaogopa, nimtulize." Akachuchumaa karibu na sahani, akamsemesha Tajiri maneno matamu. Na tazama, mizani ikaanza kugeuka. Upande wa Tajiri ukapanda. Ukapanda tena. Upande wa Pagazi ukashuka mpaka chini, watu wakapiga kelele, vigelegele vikaanza, Kasimiri akarusha kofia.

"Apolinaria," Bi Salme akaita toka kwenye kiti chake, "huo mkono chini ya sahani ni wa nani?"

"Mkono gani?"

"Wenye bangili."

"Ninamshika asiogope."

"Kondoo yuko juu, bibi. Hiyo uliyoishika ni sahani."

Mzee Soud akainama akachungulia. "Toa mkono, Bi Apolinaria. Mizani hii ya marehemu baba yangu."

Akautoa. Sahani ikashuka, pu. Hapo Lugembe akapasuka. "Amedanganya! Mwanamke huyu amedanganya mizani! Anainua..." Uso wake ukakunjamana, anafikiri. "Anainua wa kwake?" Akawageukia watu kama anaomba msaada. "Mwizi gani anajiibia?"

Watu wote wakamtazama Shangazi. Yeye alikuwa bado amechuchumaa, kitambaa kimemwendea upande. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kurudisha neno lake, hata la bei ya chupa moja.

Lugembe akaja akasimama mbele yake. Akashusha sauti, kwa hiyo labda ni sisi wa baraza tu tuliosikia. "Apolinaria, unataka kushindwa?"

Shangazi akanyanyuka. Akajifuta magoti. "Ndiyo," akasema. Kisha akasema kwa nguvu, barabara nzima ikasikia: "Ndiyo! Nataka kushindwa. Nimemtembeza huyu kondoo, nimemlaza kwenye baridi, nimemfanya anyonyeshe watoto wa watu, na bado ameshinda. Nimechoka kushinda. Ulipokuja wewe, Lugembe, nilitafuta maneno ya kukukataa, nikayaficha nyuma ya mkia wa mnyama badala ya kukwambia uso kwa uso. Nisamehe. Huyu namtaka. Na mizani haimtaki."

Lugembe alimtazama, akamtazama Kasimiri, akaitazama mikia ile miwili iliyonyauka kwenye sahani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinapanda toka tumboni, na kilipofika juu kilimfanya aketi kwenye gunia la mchele la Mzee Soud, akajipiga mapaja, anarudia tu, "Amemlaza kwenye baridi! Amemlaza kwenye baridi!"

Alipopata pumzi akanyanyuka, akajongea kwenye mizani, akaweka kiganja chake kipana juu ya mkia wa Pagazi, mbele ya watu wote, bila kuficha, akabonyeza. Sahani ikagonga sakafu ya baraza.

"Upande wa Kasimiri umeshuka," akatangaza kwa ile sauti yake. "Nani hajaona?"

"Tumeona!" watu wakaitikia.

"Mzee Soud?"

Mzee Soud alivua miwani, akaifuta, hakuivaa tena. "Bila miwani," akasema, "naona umeshuka kabisa."

Vigelegele vikapasuka, Tekla akiwa wa kwanza, utadhani mpango wote ulikuwa wake. Bi Salme akaagiza halua itoke ndani. Josepha wangu alipiga kelele za furaha bila kujua ni kwa nini, akinitemea maziwa begani.

Kasimiri peke yake alibaki amesimama, kofia mkononi. "Samahani," akasema. "Sikuelewa vizuri. Nimeshinda au nimeshindwa?"

Shangazi akamwendea, akamnyang'anya ile kofia, akamvika mwenyewe, upande. "Nenda kwa padri," akamwambia, "kabla sijaanza kumlisha Tajiri."